Nyumba Tupu za Mjini: Kinachokosekana ni Ufunguo

Maandishi ya mazungumzo na wenye nyumba, mafundi na vijana wa Mji wa Kale, Mombasa



Kila mtaa wa mji huu una mlango ambao watoto wa jirani hawajawahi kuuona ukifunguliwa. Kufuli limeshika kutu, nakshi zimejaa vumbi, na kwenye baraza ambako wazee walikuwa wakinywa kahawa jioni sasa kuna mifuko ya taka. Mpita njia huongeza mwendo akifika hapo. Mwenye duka la upande wa pili hufunga mapema kwa sababu usiku kona hiyo haina taa. Wateja wake wakipungua naye hufunga kabisa, na mlango wa pili huanza kushika kutu kama wa kwanza. Mtaa hufa hivyo, nyumba moja baada ya nyingine, bila moto na bila tingatinga.

Hakuna aliyeamua kuuharibu Mji wa Kale. Kazi ndiyo iliyohama. Kwa karne nyingi Bandari ya Kale iliulisha mji. Majahazi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na nyumba nyingi za Ndia Kuu na vichochoro vyake zilikuwa ghala chini na makazi juu. Ujenzi wa reli ulipoanza mwaka 1896, vifaa vilishushwa upande wa Kilindini, na baadaye meli kubwa zikapata magati ya kina kirefu huko huko. Mawakala wa forodha, wenye mabohari na makarani waliufuata mzigo. Familia zilibaki, lakini chumba cha chini kilichokuwa ghala kilikosa kazi. Watoto wakasoma, wakahamia Nyali, Nairobi, Muscat au London. Nyumba ikabaki na bibi mmoja. Bibi alipofariki, ufunguo ukaingia kwenye droo.

Mazungumzo kuhusu nyumba kama hiyo huishia penye njia mbili. Moja ni kuibomoa na kusimamisha orofa saba. Nyingine ni kumngoja mfadhili mwenye mamilioni aje aikarabati iwe kama ilivyokuwa zamani. Kubomoa si rahisi ndani ya eneo linalohifadhiwa kisheria, na hata panapowezekana jirani hupoteza mwanga na upepo. Kungoja mfadhili huchukua miaka, na mvua haingoji. Iko njia ya tatu, ndogo na ya bei nafuu, ambayo ndiyo sababu ya mkutano huu. Nyumba itumiwe jinsi ilivyo na mtu mwenye kazi ya kufanya ndani yake, mpaka mwenyewe atakapokuwa tayari na mpango wake mkubwa.

Wazo hilo si geni pwani. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni kuanzia 1895 hadi 1958. Yaani jengo ambalo leo huandikwa la kwanza kwenye ratiba ya kila mgeni lilikuwa mahali ambapo hakuna aliyetaka kupelekwa. Wafungwa walipoondolewa lingeweza kutiwa kufuli tu. Badala yake likachimbwa na kukarabatiwa kwa msaada wa Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, likawa makumbusho mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2011 UNESCO ikaliingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Karibu na hapo, jengo la korti la mwaka 1902 sasa liko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na pale mahakimu walipokaa pana maonyesho na maktaba. Lamu ni vivyo hivyo. Ngome iliyokamilika mwaka 1821 ilikuwa jela hadi 1984. Leo ina makumbusho na maktaba, na uwanja wa Mkunguni mbele yake ni kama sebule ya mji mzima.

Lakini mifano hiyo ina kasoro moja kwa yeyote anayetaka kuiiga. Mwenye jengo alikuwa serikali. Serikali haibembelezi warithi kumi na wawili ili ipate sahihi zao, wala haiogopi mpangaji atakayekataa kutoka. Nyumba zinazouponza mtaa ni za watu binafsi, za familia na za wakfu. Kwa nyumba hizo, mfano unaofaa zaidi uko mbali, ingawa nao ni wa mji wa bandari.

Newcastle ni mji wa Australia, kilomita 160 hivi kaskazini mwa Sydney, unaojulikana kwa kusafirisha makaa ya mawe. Tetemeko la ardhi la Desemba 1989 liliua watu 13 na kuharibu sehemu kubwa ya katikati ya mji. Mwaka 1999 kiwanda kikubwa cha chuma cha kampuni ya BHP kikafungwa. Wakati huo wanunuzi walikuwa wameshahamia maduka makubwa ya viungani yenye maegesho ya magari. Mwaka 2008 Marcus Westbury, mzaliwa wa huko na mwandalizi wa tamasha za sanaa, alitembea barabara kuu ya mji, Hunter Street, akihesabu majengo yaliyofungwa. Alipata takriban 150.

Mtu angedhani kasoro ilikuwa ukosefu wa watu wa kuyatumia. Haikuwa hivyo. Mji ulikuwa na wapiga picha, wafua vito, wachoraji na washona nguo waliofanya kazi jikoni na vyumbani mwao kwa kukosa nafasi. Wenye majengo nao walikuwapo. Kilichokosekana ni karatasi ya kuwakutanisha. Mwenye jengo alitaka mkataba wa miaka kadhaa, dhamana na bima. Mfua vito hakuwa na chochote kati ya hivyo, wala hakujua kama biashara yake ingefika miezi sita. Kumkubalia mkataba mrefu wa kodi ndogo kungemfunga mwenye jengo mikono siku mnunuzi atakapotokea. Hivyo ikawa nafuu kwake kuliacha tupu.

Westbury hakuomba serikali iyanunue majengo, wala hakuanza kwa kudai sheria ibadilishwe. Alianzisha shirika lisilo la faida, Renew Newcastle, lililobadilisha ile karatasi. Shirika liliazima jengo kwa mwenyewe bila kodi, likalisafisha, likalichukulia bima ya ajali za umma, kisha likampa fundi au msanii ruhusa ya kulitumia. Ruhusa ilikuwa ya siku 30, ikijiendeleza kila mwezi hadi mwenye jengo atakapolitaka. Akilitaka, anatoa ilani na jengo linarudi. Mtumiaji naye alishauriwa asitumie pesa nyingi kwa ukuta usio wake, na aweke vitu vinavyobebeka.

Maonyesho na maduka ya kwanza yalifunguliwa mapema mwaka 2009. Taa zikawaka jioni kwenye madirisha yaliyokuwa yamebandikwa magazeti. Watu wakaanza kupita tena. Baadhi ya vyumba vikapata wapangaji wa kulipa, kwa sababu mteja huvutiwa na chumba chenye uhai kuliko chenye popo. Kitabu cha mwongozo wa wasafiri cha Lonely Planet kiliutaja mji huo miongoni mwa miji kumi ya kutembelewa mwaka 2011, jambo lililowachekesha wenyeji kabla ya kuwafurahisha.

Isisemwe nusu ya hadithi. Baada ya takriban miaka kumi shirika lilifunga kazi zake, na sehemu kubwa ya eneo lile la katikati ikawa imenunuliwa ili kujengwa upya. Waliowasha taa walihama. Wako wanaoona huo ni ushindi, kwa kuwa majengo yalipata kazi ya kudumu. Wako wanaoona vijana walitumiwa kama mabawabu wa bure. Kila upande una hoja, na vijana waliomo ukumbini humu wana haki ya kuuliza swali hilo kabla ya kushika ufagio.

Basi karatasi ya Newcastle itaingia Mombasa? Jibu ni kwamba haiingii moja kwa moja, na hapo ndipo penye uzito wa mazungumzo haya.

Mwulize mwenye nyumba yeyote wa mji huu kwa nini anaacha chumba cha chini kikae tupu ilhali kijana wa jirani anakiomba. Atajibu kwamba akimwingiza hatamtoa. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Sheria ya upangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, ambayo mawakili huiita Sura ya 301, inamlinda mpangaji wa biashara ambaye mkataba wake haukuandikwa, au umeandikwa lakini hauzidi miaka mitano, au unaruhusu kuvunjwa ndani ya miaka hiyo mitano bila mpangaji kukosea. Mpangaji wa aina hiyo hatolewi kwa maneno ya mdomo. Ilani iwe ya fomu maalumu na ya miezi isiyopungua miwili, naye akipinga, shauri huenda mbele ya baraza maalumu la kodi za majengo ya biashara. Tena sheria hiyo inatazama mbali. Haishii kwa muuza duka tu, inamgusa hata anayetoa huduma kwa malipo, kama kinyozi au fundi cherehani.

Sheria yenyewe si mbaya. Imewaokoa wafanyabiashara wengi wadogo waliokuwa wakiongezewa kodi kiholela. Ila matokeo yake yanaonekana mjini. Kwa kuogopa kanuni hiyo, mikataba mingi ya maduka huandikwa ya miaka mitano na miezi mitatu au ya miaka sita, na kijana anayetaka kujaribu biashara kwa miezi minane hana mlango wa kuingilia. Makubaliano ya mdomo kati ya majirani, ambayo ndiyo desturi ya mitaa hii, ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa mwenye nyumba. Yule anayesema "njoo ukae tu, tutaelewana" amejifunga kuliko aliyekwenda kwa wakili.

Njia iliyopo ni ruhusa ya kutumia. Neno hili lisichanganywe na leseni ya biashara ya kaunti. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua kwamba mwenye mali anaweza kumruhusu mtu afanye jambo fulani ndani ya mali hiyo bila kumpa haki ya upangaji. Lakini korti haidanganyiki na kichwa cha karatasi. Ukiandika "ruhusa" juu, kisha ukampa mtu funguo zote, ukamtoza kodi kila mwezi na usikanyage mle ndani mwaka mzima, hakimu ataona upangaji. Ruhusa iwe ruhusa kweli. Mwenye nyumba abaki na ufunguo wake na aingie apendavyo. Kodi isiwepo, na kama kuna gharama za maji na stima zilipwe kama gharama. Muda na shughuli vitajwe. Inafaa zaidi makubaliano yawe na kikundi kilichosajiliwa, si na mtu mmoja, ili fundi mmoja akiondoka mwingine aingie bila kuanza upya. Na karatasi isomwe na wakili kabla ya sahihi. Ada ya wakili kwa karatasi hiyo ni ndogo ukilinganisha na kesi.

Kuna matumizi mengine ambayo hayabishani na sheria hiyo hata kidogo kwa sababu si biashara: chumba cha kusomea watoto wakati wa mitihani, mahali pa mazoezi ya kikundi cha taarabu, darasa la kina mama la jioni. Mwenye nyumba mwenye wasiwasi anaweza kuanzia hapo. Akiona mwaka umepita salama, ataongea na fundi seremala.

Halafu kuna warithi. Nyumba nyingi zilizofungwa zimefungwa na mirathi. Babu alifariki, mafungu yakagawanywa, watoto nao wakafariki, na sasa nyumba ya vyumba sita ina wenye haki wengi kuliko vyumba. Mmoja yuko Majengo, wawili Dubai, mwingine hajulikani namba yake ya simu. Kuuza kunahitaji wote wakubaliane bei, na bei ndiyo inayogombanisha ndugu. Kuazima kwa mwaka mmoja ni jambo dogo kuliko hilo. Linahitaji wakubaliane tu kwamba nyumba ya babu isianguke. Hata hivyo sahihi za wote zinatakiwa, na aliye nje anaweza kumpa nduguye hati ya uwakala. Mtu asijifanye mwenye nyumba peke yake kwa sababu yeye ndiye aliyebaki Mombasa. Ugomvi wa namna hiyo humwangukia fundi aliyeingia kwa nia njema.

Kwa nyumba za wakfu, msimamizi hawezi kuigawa mali kana kwamba ni yake, maana kuna waliokusudiwa kufaidika nayo. Lakini nyumba ya wakfu inayobomoka haimfaidi yeyote. Mazungumzo na Tume ya Wakfu yaanze mapema, na hoja iwe ukarabati: anayeitumia ataacha paa zima.

Paa. Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu wengi hutazama ukuta na kusahau juu. Nyumba ya mawe ya pwani ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Kuta zake nene zinaweza kudumu mamia ya miaka. Boriti haziwezi zikilowa. Mabati yakitoboka, maji huteremka ndani ya ukuta hadi ncha ya boriti ilipolalia, na ncha ndiyo huoza kwanza, mahali ambapo jicho halifiki. Siku dari inaposhuka watu husema nyumba imeanguka ghafla, kumbe ilianza kuanguka miaka kumi iliyopita kwa tundu la msumari. Mtu akiwemo ndani, tundu hilo huzibwa juma hilo hilo kwa sababu linamdondokea kichwani. Ndiyo faida ya kwanza ya kuazima nyumba, na inampata mwenyewe hata kama hakupokea shilingi.

Fundi anayeingia asipige plasta ya simiti juu ya ukuta wa matumbawe ili uonekane mpya. Simiti hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu michache plasta hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Chokaa huuacha ukuta upumue. Wazee wa ufundi huo bado wapo, ingawa si wengi, na kijana atakayejifunza kwao hatakosa kazi.

Boriti pia huamua nyumba itumiwe vipi. Boriti ya mkoko haitoi nafasi pana, hivyo vyumba vya zamani vina upana wa mita mbili na nusu au karibu tatu, na urefu mwingi. Supamaketi haiwezi kukaa humo, na kubomoa ukuta wa kati ili iwezekane ni kuiua nyumba. Lakini cherehani nne zilizopangwa kwa mstari zinakaa vizuri. Afisi ya vijana wanaounda programu za simu inakaa. Mshona kofia, mchora piko, msusi wa mikeka, mwalimu wa lugha na watoto wanane wanakaa. Bahati nzuri hizo ndizo kazi zenye watu wasio na nafasi.

Kaunti nayo ina wajibu wake. Kubadilisha matumizi ya jengo, kwa mfano kutoka makazi kuwa karakana, kunahitaji kibali cha serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya 2019. Sheria hiyo inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali kinahesabiwa kuwa kimetolewa. Wananchi wengi hawajui kifungu hicho, na si vibaya wakijua. Ndani ya eneo la hifadhi, wataalamu wa Makumbusho nao washirikishwe kabla ya kugusa mlango, dirisha au ukuta wa nje. Nyaya za stima zikaguliwe na fundi mwenye leseni kabla ya mtu yeyote kuingia, maana nyumba iliyokaa miaka kumi ina panya, na panya wamekula mpira wa waya.

Limebaki lile swali la vijana. Je, wakishaufufua mtaa wataondolewa? Inawezekana, na karatasi isilifiche jambo hilo. Ilani ya siku 30 kama ya Newcastle ni fupi mno kwa seremala mwenye mashine. Miezi mitatu ingekuwa ya haki zaidi. Kama fundi ametia mabati kwa pesa zake, risiti zihifadhiwe na iandikwe kwamba akiondolewa kabla ya muda uliotajwa atarudishiwa sehemu ya gharama. Na mwenye nyumba akipata mpangaji wa kulipa, yule aliyeitunza aulizwe kwanza kama anaiweza kodi hiyo. Vifungu vitatu hivyo havimgharimu mwenye nyumba leo, ila vinamfanya fundi alale usingizi.

Masika yanakuja. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa mwenye nyumba iliyofungwa, hata kabla ya wakili na kibali, ni kupandisha fundi juu ya paa juma hili akiwa na simu ya kupiga picha. Kisha aje kwenye meza ile pale mlangoni na picha hizo, nakala ya hati na majina ya warithi. Wenye kazi wanaotafuta nafasi wameshaanza kujiandikisha kwenye daftari la upande wa kulia. La upande wa kushoto, la wenye nyumba, bado ni jeupe.